Mtofaa wa Rimma

"Nilikwambia uulaze ungali mwembamba kama kidole," nilimwambia Rimma, mke wa mwanangu. "Ukanijibu mti si mlevi wa kulala chini."

"Mama, usianze tena. Kwetu mitofaa inasimama."

"Kwenu kusini hata kuku wanaota jua. Hapa ni Siberia."

Hapa mtofaa hufundishwa kutambaa tangu ukiwa mchanga, theluji iufunike na kuukinga na baridi. Huu ulikuwa umesimama miaka mitatu ya baridi laini, tena bondeni, baridi inakotuama. Sasa redio ilikuwa imetangaza nyuzi arobaini chini ya sifuri kwa usiku ule, na theluji ilikuwa bado haijaanguka.

Nilikwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani, na maji; ulikuwa bado hai. Nikaukunja mti taratibu, shina likalia, nikaliachia.

"Mti huu ukifa, namchukua mjukuu wako tunarudi kwetu. Hapa sina kingine kilichoota," Rimma alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Tukiuacha wima, unakufa. Tukiukunja, unavunjika. Ilibaki njia moja: kukata mizizi ya upande mmoja na kuulaza mti mzima shimoni, chini ya udongo. Nimeona miti mingi ikifa hata kwa njia hiyo.

"Shika shina," nikamwambia.

"Mti utapona, mama?"

"Sijui. Shika."

Akalikumbatia kwa mikono miwili. Nikaisimamisha sepetu, nikaipanda kwa miguu yote miwili, na mzizi wa kwanza ukakatika.