Ile ya Saba

Haya, nifumbulieni hii kabla chai haijapoa: mzee mmoja hulishwa ubavuni, na kabla ya kila kikohozi lazima akunje goti. Nani huyo?

Msijisumbue. Yasir angewajibu hata usingizini, maana wazee wa namna hiyo alikuwa nao sita chumbani kwake, mtaa wa Nechells, kule kwa Waingereza: bunduki za kale za Kimarekani, za zama za wachunga ng'ombe na farasi zao. Risasi huingizwa ubavuni. Ukishusha wenzo wa chini na kuurudisha, nyingine imeshakaa tayari. Zake zilikuwa kongwe kiasi kwamba risasi zao hazitengenezwi tena, na ndiyo maana serikali ilimwacha aziweke kama wengine wanavyoweka vyombo vya kaure kabatini.

Sita. Na alitaka saba. Iliyokosekana ni ile ya mwaka 1866, yenye mwili wa shaba, mama wa ukoo mzima. Bila hiyo, alisema, hizi nyingine ni mayatima tu.

Alikuja kuiona kwenye hitima, mtaa wa Bordesley Green, nyumbani kwa Mzee Ussi. Watu wanasoma, yeye macho ukutani. Ilining'inia juu ya kiti cha mzee, inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Tangu siku ile Yasir akawa mgeni wa kila Jumapili, halua mkononi na habari za bunduki zake sita mdomoni. Mara tatu aliomba auziwe. Mara tatu Mzee Ussi, ambaye siku zote alikaa akiipa mgongo, alimjibu maneno yale yale.

"Hiyo siwezi kuiuza, mwanangu. Hata ningetaka."

Yasir alimheshimu kwa hilo. Mtu anayependa kitu hivyo, alijiambia, habembelezwi tena. Unamwingilia kwa mlango mwingine.

Mlango mwingine uliitwa Safiya. Mtoto pekee wa mzee, miaka thelathini na moja, muuguzi, mpole. Akileta chai hasemi zaidi ya salamu. Yasir hakuwa na neno baya juu yake. Hakuwa na neno lolote juu yake. Alikuwa amemtazama vizuri mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu alisimama mbele ya bunduki.

Wazazi wa Yasir wako Unguja, kwa hiyo posa ilibebwa na shangazi yake, Bi Thuwaiba, aliyevaa dhahabu zake zote na kumuuliza njia nzima kama ana hakika. Yasir alisema ana hakika. Hakusema ana hakika na nini.

Mzee Ussi alipokea posa kama mtu anayepokea bili ya gesi. Akasema yeye hana kipingamizi, lakini mahari ni haki ya mwanamke, na atakayeitaja ni Safiya mwenyewe. Bi Thuwaiba akaenda jikoni kumuuliza anataka nini. Baada ya robo saa akatoka, amekunja uso.

"Hajataja. Kaniuliza tu kama nyumba yako ina unyevu."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kavu, una mashine ya kukausha hewa inanguruma mchana kutwa. Kafurahi huyo. Mwanangu, yule tayari anafikiria vifua vya watoto."

Wiki tatu swali likakaa bila jibu. Yasir akakonda. Shangazi kila akipiga simu alikuwa na dhana mpya: labda atataka hija, labda gari, labda nyumba Unguja. Kamau, Mkenya waliyefanya naye kazi bohari moja kule Washwood Heath, alimwambia kwao jambo hili lingemalizwa kwa mbuzi, na mbuzi hana mafumbo. Yasir alijibu kwamba vyovyote iwavyo atatoa. Mzee ana miaka themanini na moja, mtoto mmoja, na mkwe atakuwa mmoja. Hesabu hiyo aliipiga kila siku, na kila siku ilitoka sawa.

Jumapili ya nne wakaitwa. Safiya akaleta chai na visheti, na safari hii hakurudi jikoni, alikaa. Alipompa Yasir kikombe, vidole vyake vilinuka mafuta ya mashine. Yasir akadhani ni baiskeli.

Bi Thuwaiba akalirudia swali, taratibu, mbele ya wote. Safiya akainamisha macho, akanyamaza. Sote tunajua bi harusi akiulizwa kama ameridhia akanyamaza, ameridhia. Lakini mahari haitajwi kwa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa kirefu.

Yasir akashindwa kuvumilia.

"Taja chochote, Safiya. Kilicho changu ni chako. Shangazi yangu ni shahidi."

"Chochote?" aliuliza Mzee Ussi, na kwa mara ya kwanza alimtazama kijana kwa huruma.

"Chochote, mzee wangu."

Mzee akapumua, akamgeukia binti yake. "Haya, kesha kusema mwenyewe. Mjibu mwenzio."

Safiya akainua macho, yakampita Yasir, yakapanda ukutani, juu ya kichwa cha baba yake.

"Nataka bunduki zako zote sita," alisema. "Hii yangu imekaa peke yake muda mrefu."