Mkaaji wa Saa ya Chakula

Mabibi na mabwana, kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba mimi, Lusajo, kiranja mstaafu wa bweni, ndimi niliyeiokoa nyumba yetu. Kusema kweli nilistaafishwa, lakini hilo tuliache.

Nyumba tuliipata kwa ruzuku ya wanunuzi wa mara ya kwanza. Katika masharti yake, "mkaaji" ni mtu ambaye ukuta wa sebuleni unasikia sauti yake kila jioni wakati wa chakula. Mmiliki asipokuwa mkaaji mwaka wa kwanza, nyumba inarudi serikalini. Mmiliki ni Mama, na Mama ni muuguzi wa zamu ya usiku.

Basi likizo yote nikawa Mama mezani.

"Tumpe, hizo mboga unamwachia nani? Na wewe Lusajo, mwanangu mzuri, ongeza nyama!"

Dada yangu Tumpe alicheka hadi akapaliwa. Ukuta ukawasha taa ya kijani: mkaaji yupo.

Jana Mama alipewa mapumziko, akaja na kuku wa kuchoma. Saa ya chakula mlango huwafungulia wakaaji tu, kwa hiyo ukagoma.

"Fungueni, ni mimi!"

"Sauti haitambuliki," ukuta ukajibu kwa upole. "Mama yupo ndani, anakula."

Mama akauliza polepole, "Lusajo, ni mama gani huyo?"

Nikaweka kijiko chini. "Ni mimi, Mama. Nimekuwa nikiigiza sauti yako ili tusinyang'anywe nyumba. Nisamehe."

Ukuta haukuniamini. "Mama," ukaninong'oneza, "usimfungulie mgeni."