Kisima Namba Tisa

Eliseo aliweka uma chini Corinne aliposimama.

Ndiyo desturi ya watu wa visima vya gesi pale mjini Aztec. Kila Ijumaa, saa mbili asubuhi, hula pamoja mkahawani kwa Nadine, na aliyebashiri kisima vibaya husimama akakiri mbele ya meza nzima. Leo zamu ilimwangukia Corinne, mhandisi mgeni, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekuja na kompyuta yake.

Kisima cha gesi huuawa na maji. Gesi ikipanda kwa kasi huyabeba. Kasi ikipungua, maji hubaki chini, yakajaa, kisima kikanyamaza. Kwa miaka thelathini na moja, aliyeitaja siku ya kunyamaza alikuwa Eliseo Archuleta, kwa kulaza kiganja kwenye bomba tu. Sasa kompyuta imekuja kumrudisha nyumbani. Bosi akataka mtihani mmoja: kisima namba tisa. Kompyuta ikasema kitavuma mpaka theluji iyeyuke. Eliseo akasema hakifiki Ijumaa.

Alhamisi jioni kikanyamaza.

"Utu uzima dawa," alisema Dub, mmoja wa wafanyakazi wa visima, akimpiga Eliseo begani. "Hiyo kompyuta yenu ina kiganja?"

Watu wakacheka. Eliseo hakucheka. Kazi yake imepona, naam, lakini aibu ilimpanda mpaka masikioni, akashindwa kumtazama binti wa watu.

"Nimekosea," Corinne alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Nilihesabu gesi, nikahesabu maji, nikahesabu mpaka upana wa bomba. Mkono wa Mzee Eliseo sikuuhesabu. Nisamehe, Mzee."

Bosi akafuta mdomo. Basi, kompyuta ifungwe, na Jumatatu Corinne arudi ofisini Denver akapange majalada. Corinne akaitikia kwa kichwa.

"Kaa ule kwanza, binti," Eliseo alisema.

"Nimeshakula, Mzee. Leo niliamka mapema."

Akaketi. Buti zake zilikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni.

Eliseo aliacha mayai na pilipili yake sahanini, akawasha gari, akaenda namba tisa peke yake. Njia nzima alijisemesha kama mwehu. Mtu mzima ovyo, alijiambia. Mjukuu wako ana umri wa yule.

Kisimani hapakuwa na mtu. Alilishika gurudumu la vali, lile ambalo Jumatatu iliyopita, akiwa peke yake hapo hapo, alilibana robo mzunguko ili gesi ipungue kasi, akajaribu kulifungua. Halikusogea, lilikuwa limeshafunguliwa mpaka mwisho, na kwenye bomba palikuwa na chaki, mwandiko wa Corinne: "Nimelirudisha, Mzee. Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi."