Mgongo wa Kuazima

Sheria inataka mwenza abebe maumivu ya mgonjwa kwa asubuhi moja kabla dawa haijatolewa. Saumu, ambaye baridi yabisi imemkakamaza uti wa mgongo tangu ujana, alimfunga mumewe Shaweji mkanda wa kuyahamisha.

"Nalala basi, kama ninavyokushauri kila siku," Shaweji akatania.

Haukupita muda akainuka akigumia, akazunguka chumba. Mgongo ukalegea kidogo.

"Kumbe kulala ndiko kunakoukaza!"

"Nilikwambia, baba Rehani. Ukaniita kiguu na njia."

"Nisamehe, mama. Nifungue."

Mkanda ule haufunguki ila kwa alama ya kidole cha Saumu. Yeye alikuwa ameinama, kwa wepesi aliousahau, akifunga viatu.

"Nakuja sasa hivi," alisema, akatoka.

Shaweji akaendelea kuzunguka, akisikiliza hatua za mkewe zikipotea uchochoroni.