Kaseti ya Kufukuza Ndege

Gitaa lilipoanza kukwaruza kwenye redio, ndege wote waliokuwa kwenye mpunga waliruka kwa mpigo mmoja, wakaelekea Lupiro. Juu ya dungu lake la kulindia mpunga kule Katindiuka, Mzee Fulgensi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umeona?" alimwambia Apolinari. "Kumbe na huu muziki wenu una kazi yake!"

Apolinari alitabasamu kwa adabu, lakini moyoni aliumia. Kaseti ile ilikuwa albamu ya kwanza ya bendi yake, Bati Bovu, iliyorekodiwa Ifakara mwaka huohuo wa 1995. Besi mbele, gitaa la kukata masikio, naye akiimba kama mtu anayegombana na ukuta. Wenyewe waliuita muziki huo posti-panki, jina walilolikuta kwenye kava la kaseti ya Kizungu. Mjini watu waliusikiliza kidogo tu, wakaomba wawekewe rumba.

Na kulikuwa na jambo la Eveline, binti wa mzee huyo. Mshenga wa Apolinari alikuwa amesharudi na jibu: binti haolewi na mpiga kelele, aache gitaa kwanza, ndipo wazungumze.

Haukupita muda, mzee akaagiza kaseti nyingine, eti ya kwanza utepe umekatika. Baadaye akaagiza nyingine tena.

"Ndege wa mwaka huu wabishi," alimwambia Apolinari walipokutana sokoni. "Ila ule wimbo wa tatu wanauogopa kweli. Mngeurefusha kidogo."

Apolinari alirudi nyumbani mnyonge. Mwanamuziki gani huyu ambaye wasikilizaji wake wanamkimbia? Aliwaza sana, akaona heri ashike jembe, ampate Eveline, maisha yaendelee. Asubuhi moja alivaa shati lake la kanisani, akapanda baiskeli.

Uani kwa Mzee Fulgensi alimkuta mama Eveline akipepeta mchele mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mzee yuko dunguni. Siku hizi hata chakula tunampelekea hukohuko. Anafukuza ndege."

Bati Bovu ilisikika tangu njiani. Apolinari alifika chini ya dungu, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Nimekubali. Gitaa naliacha leo."

Redio ilizimwa ghafla. Mzee Fulgensi akachungulia, macho yamemtoka.

"Uache? Nani amekwambia uache?"

"Si wewe mwenyewe, mzee, ulimwambia mshenga?"

"Ah, hayo ya mshenga yameshapita! Eveline utampata, lakini gitaa usiliguse... maana yake, usiliache. Ukiliacha, mimi ndege hawa nitawafukuza na nini?"

Apolinari aligeuka kuwaangalia hao ndege. Mpunga wote ulishavunwa, na ng'ombe wa jirani walikuwa wametapakaa shamba zima, wakitafuna mabua.