Jina la Baba Mkwe

"Nipe kitakachodumu," Mwantumu alimwambia muuzaji. Alikuwa amechoka. Kila mwezi vilitoka vishikwambi vipya vya kulinda nyumba, na vya zamani vikazimwa siku hiyohiyo. Muuzaji akampa toleo la mwaka mzima.

Nyumbani, kishikwambi kilimtaka ataje kwa sauti kila anayeishi humo. Akisimama mlangoni mtu asiyetajwa, mlango haufunguki, hata kwa wenyeji. Mwantumu akajitaja, akawataja wanawe wawili, kishikwambi kikiwatazama mmoja mmoja. Kisha akakwama. Kwao Lushoto mke hatamki jina la baba mkwe, hata mume akishafariki, na mzee mwenyewe alikuwa palepale akiota moto.

"Baba," alisema.

"Hilo si jina. Muda unakwisha."

"Basi nitajitaja mwenyewe," mzee alisema.

"Anayetaja ni aliyeninunua."

Mzee alimwona mkwewe akitokwa na jasho katika baridi ile. Akachukua fimbo yake. "Ngoja nitoke, mwanangu. Nisiposikia, hujanivunjia heshima."

Akatoka, akaurudishia mlango taratibu.

Mwantumu akafumba macho, akalitamka kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Mbelwa."

"Mbelwa hayumo ndani," kishikwambi kilijibu. "Orodha imefungwa hadi mwakani."

Kitasa kikajifunga. Mwantumu akakivuta kwa mikono miwili, akakivuta tena.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Mzee akagonga kwa upole.

"Tayari, mwanangu?"