Mkanda wa Helmeti

Wakili wa kampuni ya lori aliongea kwa upole wa mtu aliyeshiba. Lori liliachwa kwenye kona bila taa, sawa, hapo dereva wao alikosea. Lakini marehemu aliyeligonga kwa pikipiki yake naye ana fungu lake la kosa, maana helmeti ilimchomoka kichwani kabla hajagusa lami.

"Mtu mzima anayejali roho yake," alisema, akinikazia macho mimi mjane pale kizimbani, "hashindwi kufunga mkanda. Huo ni uzembe."



Wakili wangu alishanionya asubuhi, koridoni: "Mama, ukiulizwa, sema alifunga. Basi."

"Haya, Mama," yule wakili wa lori akaniuliza. "Siku ile mume wako alifunga mkanda?"

Nilitia mkono mkobani. Ulikuwa humo, mkanda mweusi ulionuka jasho lake, upande mmoja umeshonwa, upande wa pili sindano bado imechomekwa.

"Usimwite mzembe!" Sauti yangu iligonga ukuta. "Hakuwa na mkanda wa kufunga. Mimi ni fundi cherehani. Ulikatika, akanipa niushone, nikamwambia kesho. Siku nne nzima namwambia kesho, nashona nguo za watu!"

Wakili wangu alijishika kichwa.

Niliubwaga ule mkanda mbele yao, na sindano yake.

"Si mnagawa kosa? Gaweni. Lori lenu na mimi. Yeye mtoeni."